KUUNGANISHA MABOMBA CHINI YA MAJI NA MCHANGA

Katika kaunti za Kitui na Makueni mito iliyo mingi hukauka miezi mingi ya mwaka. Lakini ukavu huo ni wa juu tu. Katika mito kama Tiva, Nzeeu na Kaiti maji hubaki chini ya mchanga, na tangu zamani Wakamba wameyafukua kwa mikono na kuyachota kwa vibuyu. Katika miaka ya 1950 ALDEV, iliyokuwa bodi ya serikali ya kuendeleza ardhi, ilijenga mabwawa katika Ukambani. Na tangu miaka ya 1990 shirika la SASOL la Kitui limewasaidia wanavijiji kujenga mabwawa mengi ya mchanga.

Bwawa la mchanga ni ukuta wa mawe na saruji uliojengwa kukatiza mto. Mafuriko huleta mchanga ukajaa nyuma ya ukuta, na maji hukaa kati ya chembe zake. Penye mchanga wa chembe kubwa, robo ya ujazo wote au zaidi yaweza kuwa maji. Jua haliyafikii yaliyo chini sana, wala mbu hawapati mahali pa kutaga mayai.

Ili maji hayo yatoke yakiwa safi, bomba lenye matundu madogo hulazwa chini ya mchanga na kuzungushiwa kokoto. Kisha huunganishwa na bomba lisilo na matundu, liendalo mpaka kwenye kisima cha ukingoni au kwenye pampu. Bomba lenyewe hudumu miaka mingi; panapoharibika kwanza ni kwenye kiungo. Nacho kiungo kilichofukiwa chini ya mita 2 za mchanga hakifikiwi tena mvua za Novemba zikiisha kuanza. Kikiachia, kazi yote ya mwethya imepotea, na kina mama hurudi kufukua mashimo na kungoja maji yajikusanye kata kwa kata.

Madhara ya kiungo kilicholegea

Yafaa ijulikane kwamba kiungo kibovu hakidhuru kwa namna moja kila mahali.

Kwanza, kikiwa chini ya maji, huingiza mchanga. Mchanga hujaza bomba na kuzila sehemu za pampu.

Pili, kikiwa juu ya maji lakini kabla ya kufika kwenye pampu, huingiza hewa. Hapa wengi hudanganyika, maana hakuna hata tone linaloonekana. Pampu ya kuvuta haiyanyanyui maji kama ndoo kwa kamba. Huondoa hewa iliyomo bombani, na uzito wa hewa iliyo nje ndio uyasukumao maji yapande. Penye usawa wa bahari uzito huo hupandisha maji kadiri ya mita 10 tu. Mjini Kitui, ulio juu zaidi ya mita 1,000, hupandisha kama mita 9, na katika kazi yenyewe mafundi hawategemei zaidi ya mita 6 au 7. Tundu dogo la hewa laweza kuipotezea pampu nguvu hiyo yote.

Tatu, kikiwa baada ya pampu, humwaga maji nje. Hasara hii ndiyo iliyo rahisi kuonekana, na kwa hiyo ndiyo iliyo rahisi kuponywa.

Namna ya kufanya kazi

Kanuni ya kwanza ni kupunguza viungo vya majini. Viungo vyote viwezekanavyo vifanyiwe ukingoni, mahali pakavu, kisha bomba lichukuliwe zima mpaka handakini. Mipira mirefu ya plastiki iuzwayo ikiwa imeviringishwa husaidia sana kwa kazi hii.

Kanuni ya pili ni kuchagua kiungo kisichoharibiwa na maji. Gundi ya mabomba ya plastiki haishiki penye unyevu. Aitiaye gundi handakini amejenga juu ya povu. Kiungo cha mwisho, ambacho hakina budi kufungwa ndani ya maji, kiwe cha kukazwa kwa hesi au cha kubana kwa pete ya mpira. Hata wazamiaji wafanyao kazi baharini huunganisha mabomba makubwa kwa mabamba ya duara, yenye mpira katikati, yakazwayo kwa bolti.

Kanuni ya tatu ni usafi. Miisho ya bomba izibwe kwa vizibo mpaka dakika ya kuunganisha, na pete ya mpira ifutwe vizuri. Chembe moja ya mchanga chini ya pete yatosha kupitisha maji.

Kanuni ya nne ni kulituliza bomba. Bomba tupu la plastiki huelea, na kuelea kwake huvuta viungo. Lijazwe maji, likalazwe sawasawa, na kuwekewa magunia ya mchanga kabla ya kufukiwa.

Kabla ya kufukia, bomba lisilo na matundu lijaribiwe. Mwisho mmoja uzibwe, wa pili uinuliwe, maji yajazwe mpaka juu, na alama iwekwe. Yakiwa yamepungua asubuhi, kiungo kitafutwe na kukazwa upya.

Kazi hii ifanywe mwishoni mwa kiangazi, Septemba au mapema Oktoba, maji yakiwa chini kabisa. Kuta za handaki zikatwe kwa mteremko, kwa kuwa mchanga wenye maji huporomoka ghafula na kumfukia mtu. Mashine ya petroli isiwashwe shimoni kamwe. Moshi wake huua.

Mwisho, vipimo vya kila kiungo, tangu ukuta wa bwawa na tangu ukingo wa mto, viandikwe katika daftari ya kikundi. Mafuriko hufuta alama zote za mchangani, bali daftari itawaonyesha wajao mahali pa kuchimba.