Tamthilia Kitandani: Simujanja na Upungufu wa Usingizi

Televisheni ilifika Zanzibar mapema miaka ya 1970. Tanzania Bara ilisubiri hadi mwaka 1994. Katika maeneo ya vijijini kama Bweranyange, wilayani Karagwe, mtazamaji alifuata televisheni ilipo: sebuleni kwa jirani au kwenye kibanda umiza. Saa ya tamthilia ilipangwa na kituo, nayo ilipokwisha watu walirudi makwao kulala. Mwishoni mwa mwaka 2012 mitambo ya analojia ilianza kuzimwa nchini, na ving'amuzi vikaenea. Leo tamthilia hutazamwa kwenye simujanja, kitandani, saa yoyote. Ule ukomo uliowekwa na kituo umeondoka, na gharama yake hulipwa na usingizi.

Jinsi usingizi unavyoathirika

Giza linapoingia, ubongo hutoa homoni iitwayo melatonini, inayouandaa mwili kulala. Mwanga wa simu, hasa wa buluu, huweza kupunguza homoni hiyo. Kisa chenye taharuki nacho huuacha ubongo ukiwa macho. Aidha, programu nyingi huanzisha sehemu inayofuata bila mtazamaji kugusa chochote, na wengine hukesha ili kutumia vifurushi nafuu vya usiku.

Madhara kwa afya

Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 au zaidi. Kijana wa miaka 13 hadi 18, saa 8 hadi 10. Upungufu wa muda mrefu huhusishwa na shinikizo la juu la damu, unene uliozidi na sonona. Kwa mwenye kisukari, sukari huwa ngumu kudhibitiwa. Kwa mwenye kifafa, usiku mmoja wa kukesha waweza kuleta kifafa hata kama anameza dawa zake ipasavyo. Dereva wa bodaboda aliyekesha huhatarisha maisha yake na ya abiria wake.

Kwa wahudumu wa afya

Kabla ya kuongeza dozi au kuandika dawa ya usingizi, mgonjwa aulizwe mambo matatu: hulala saa ngapi, simu huiweka wapi anapolala, na usiku hutazama nini. Maswali haya yaulizwe bila lawama.

Ushauri kwa familia

- Simu iwekwe mbali na kitanda saa moja kabla ya kulala.
- Idadi ya sehemu za kutazama ipangwe mapema, na uchezaji wa kujiendesha uzimwe.
- Inapowezekana, tamthilia itazamwe sebuleni na familia nzima.
- Kwa mujibu wa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2019, mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini. Wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku.

Usingizi ukiendelea kukosekana kwa wiki kadhaa licha ya hatua hizi, au mtu akikoroma sana na kusinzia mchana, afike kituo cha afya. Dawa alizokwisha kuandikiwa asiziache.