Kuchagua Kisu cha Kukunja: Somo la Chuma, Kanieneo na Wenzo

Mkulima wa Songea aendaye shambani huchukua jembe, panga na, mara nyingi, kisu kidogo cha kukunja mfukoni. Kwa kisu hicho hukata kamba za magunia ya mahindi, humenya embe na kuchonga vijiti. Mgema wa ulanzi naye hukata chipukizi la mwanzi asubuhi na jioni. Mwanafunzi wa kilimo hukihitaji anapobebesha miche. Chombo hiki ni kidogo, lakini ndani yake mna kemia ya vyuma, hesabu ya kanieneo na kanuni ya wenzo. Mnunuzi asiyeyajua mambo hayo hupoteza fedha, na pengine hupoteza kidole.

Makala haya yanamhusu mnunuzi mwenye fedha kidogo, ambaye anataka kisu chepesi kisichozidi gramu 60 hivi. Twende naye sokoni, tukitumia maarifa ya darasani.

1. Chuma cha bapa

Chuma kitupu ni laini. Kikichanganyika na kaboni kidogo, baina ya asilimia 0.5 na 1, huwa chuma cha pua, na hicho chaweza kufanywa kigumu. Fundi hukipasha moto hadi nyuzi 800 hivi za Selsiasi, kikawa chekundu, kisha hukizamisha ghafula katika mafuta au maji. Hapo huwa kigumu mno, lakini chepesi kuvunjika kama kigae. Kwa sababu hiyo hupashwa tena kwa joto dogo, kiasi cha nyuzi 200, ili kipate ustahimilivu bila kupoteza sehemu kubwa ya ugumu wake.

Maarifa ya chuma chenye kaboni si mageni katika nchi yetu. Mwaka 1978 watafiti Peter Schmidt na Donald Avery walichapisha matokeo ya uchunguzi wao wa tanuri za Wahaya, mkoani Kagera, wakaeleza kwamba wafua chuma wa huko walikuwa wakitoa chuma cha namna hiyo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita.

Chuma kisichoshika kutu kilikuja baadaye sana. Mwaka 1913 Harry Brearley wa Sheffield, Uingereza, alichanganya chuma na kromiamu nyingi. Kromiamu ikifikia asilimia 10.5 au zaidi, huungana na oksijeni ya hewani na kufanya utando mwembamba sana juu ya chuma. Utando huo huzuia kutu isiendelee.

Basi kipi kinafaa? Chuma cha kaboni hunoleka upesi hata kwa jiwe la kawaida, lakini hushika kutu, hasa katika miezi ya mvua ya Songea, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Chuma chenye kromiamu huvumilia unyevu na maji ya ndimu, lakini aghalabu huhitaji subira zaidi katika kunoa. Mtu mwenye mazoea ya kufuta kisu chake achukue cha kaboni. Msahaulifu achukue cha kromiamu.

Watu wengi hudhani kwamba sumaku haivuti chuma kisichoshika kutu. Dhana hiyo si sahihi kwa visu. Vyuma vya kromiamu vinavyoweza kugumishwa kwa moto huvutwa na sumaku. Visivyovutwa ni vile vyenye nikeli nyingi, kama vya vijiko na sufuria kadhaa, na hivyo havigumishwi kwa kupashwa moto na kupozwa ghafula. Kwa hiyo, bapa lisilovutwa kabisa na sumaku liachwe: litang'aa miaka mingi, lakini makali yake hayatadumu.

2. Makali na kanieneo

Kanieneo ni kani igawanywayo kwa eneo. Tuseme mtu anasukuma kisu kwa kani ya nyutoni 10, na sentimita 5 za makali zinagusa muhogo. Ikiwa unene wa makali ni milimita 0.1, eneo ni milimita 5 za mraba, na kanieneo ni nyutoni 2 kwa kila milimita ya mraba. Makali yakinolewa hadi unene wa milimita 0.01, kanieneo huwa nyutoni 20 kwa kila milimita ya mraba. Mkono ni ule ule, nguvu ni ile ile, lakini mkato umezidi mara kumi.

Hapa tunapata funzo la usalama. Mwenye kisu butu hulazimika kuongeza kani, na kisu kikiteleza, kani hiyo yote huishia mkononi. Kisu kikali kikitumiwa kwa uangalifu huwa na hatari ndogo kuliko kisu butu.

3. Wepesi hutoka wapi?

Densiti ya chuma ni gramu 7.8 hivi kwa kila sentimita ya ujazo. Alumini ni 2.7, mpingo ni 1.2 hivi, plastiki nyingi hukaribia 1.1, na mninga ni 0.6 hivi. Tuchukue mpini wenye ujazo wa sentimita 10. Ukiwa wa chuma kitupu utakuwa na gramu 78. Wa alumini, gramu 27. Wa mpingo, gramu 12. Wa mninga, gramu 6 tu.

Sasa tulipime bapa. Bapa la urefu wa sentimita 7 lina ujazo wa sentimita 1.5 hivi, yaani gramu 12 kwa makadirio. Hata likipunguzwa unene kwa nusu, tutaokoa gramu 6 tu. Lakini hasara yake ni kubwa: uwezo wa bapa kuhimili kupindwa hulingana na mraba wa unene, hivyo bapa la nusu unene hubakiwa na robo tu ya nguvu yake. Basi tutafute wepesi katika mpini, si katika bapa. Vilevile tuache visu vyenye mikasi, misumeno na vifungulio visivyohitajika. Kila kifaa huongeza uzito na bei.

4. Kiungo na komeo

Kisu cha kukunja ni wenzo. Egemeo lake ni pini inayounganisha bapa na mpini. Tuseme bapa linasukumwa mgongoni, kuelekea upande wa kujifunga, kwa kani ya nyutoni 20, sentimita 6 kutoka katika pini. Komeo linalolizuia limeshika nusu sentimita tu kutoka katika pini hiyo. Kwa kanuni ya wenzo, 20 × 6 ni sawa na 0.5 × K. Kwa hiyo K ni nyutoni 240. Komeo hubeba mara kumi na mbili ya kani iliyotumika. Ndiyo maana kisu chenye komeo dhaifu humfungia mtumiaji vidoleni.

Kuna njia kadhaa za kulizuia bapa. Visu vidogo vya Uswisi, ambavyo fundi Karl Elsener alianza kuliuzia jeshi la nchi yake mwaka 1891, vingi hutumia kamani peke yake bila komeo; vinafaa kwa kazi nyepesi. Kisu cha Opinel, kilichoanzia Savoie, Ufaransa, mwaka 1890, kina mpini wa mti, na tangu mwaka 1955 kikawekewa pete ya chuma inayozungushwa ili kulifunga bapa. Kile cha namba 8, chenye bapa la sentimita 8.5, kina gramu 45 hivi. Kisu cha Okapi kilianza kutengenezwa Solingen, Ujerumani, mwaka 1902 kwa ajili ya makoloni ya Kijerumani ya Afrika. Siku hizi hutengenezwa Afrika Kusini. Hicho hufunguliwa komeo lake kwa kuvuta pete ya mgongoni. Vyote hivi ni miundo sahili, na usahili ndio unaompa mtengenezaji nafasi ya kuuza kwa bei nafuu bila kupunguza ubora wa chuma.

5. Uchunguzi dukani

Kabla ya kulipa, na kwa idhini ya muuzaji, fanya haya:

(a) Fungua kisu, ushike bapa kwa mgongo wake, ulisukume kushoto na kulia. Likicheza likiwa jipya, litalegea zaidi baadaye.

(b) Funga komeo, kisha ukandamize mgongo wa bapa polepole juu ya ubao, vidole vikiwa mbali na njia ya makali. Komeo lisiachie.

(c) Kunja kisu, uangalie kama ncha imezama ndani ya mpini. Ncha iliyochomoza itachana mfuko na paja.

(d) Leta sumaku karibu na bapa, kama tulivyoeleza.

(e) Pitisha pembe ya tupa taratibu karibu na mpini. Tupa ikila kwa urahisi kama inavyokula msumari, bapa halikugumishwa.

6. Hesabu ya bei

Bei ya leo si gharama yote. Tuseme kisu cha kwanza kinauzwa shilingi 3,000 na hudumu miezi 4; cha pili shilingi 12,000 na hudumu miaka 4; cha tatu shilingi 40,000 na hudumu miaka 8. Kwa mwaka, cha kwanza kinagharimu shilingi 9,000, cha pili 3,000, na cha tatu 5,000. Rahisi ni ghali, wahenga walisema. Lakini hesabu hii yaonyesha pia kwamba kilicho ghali kuliko vyote si lazima kiwe nafuu mwishowe.

7. Matunzo na tahadhari

Futa bapa baada ya kazi, likauke, kisha lipake mafuta kidogo. Ukimpelekea fundi wa kunoa kwa gurudumu, mwombe alilowanishe mara kwa mara. Makali yakigeuka rangi ya buluu, yamefikia nyuzi 300 hivi, na ugumu wake umepungua. Kwa sababu hiyo hiyo usichomeke kisu katika makaa.

Jeraha lioshwe mara moja kwa maji safi na sabuni. Wengi husema kwamba kutu huleta pepopunda. Ukweli ni kwamba ugonjwa huo huletwa na bakteria wakaao katika udongo na samadi. Kisu king'aacho kilichogusa udongo chaweza kuwaingiza mwilini. Mwenye jeraha la shambani aende zahanati kuuliza juu ya chanjo.

Mwisho, kisu ni chombo cha kazi. Shule zina kanuni juu ya vyombo vyenye makali, na mwanafunzi hana budi kuzitii: visu vya somo vikae kwa mwalimu, vihesabiwe kabla na baada ya kipindi.

Maswali

1. Kani ya nyutoni 15 inasukuma mgongo wa bapa sentimita 8 kutoka katika pini. Komeo liko sentimita 0.6 kutoka katika pini. Tafuta kani iliyo juu ya komeo.

2. Mpini una ujazo wa sentimita 14. Linganisha uzito wake ukiwa wa alumini na ukiwa wa mninga.

3. Chukua misumari mitatu. Weka mmoja pakavu, wa pili katika maji, na wa tatu upake mafuta kisha uuweke katika maji. Ichunguze baada ya siku saba, ueleze sababu za tofauti utakazoziona.