Kabla Hujamlipa Mtu Vitz Yake

Sema tu sokoni Mocímboa da Praia au Palma kwamba unatafuta gari dogo. Jua halijatua, dalali ameshakupigia simu mara tatu. Atakuletea Vitz, Starlet, March au Honda Fit: yale magari mafupi yasiyo na mkia, mlango wa nyuma unafunguka kwenda juu. Mengi yametoka Japani yakiwa na usukani wa kulia, na kwa kuwa Msumbiji tunapita kushoto kama wenzetu wa Tanzania, hayahitaji kubadilishwa kitu. Hayali mafuta sana, na fundi yeyote anayajua. Ila siku ya kwanza usiangalie gari. Omba karatasi.

Karatasi gani? Kuna mbili za kuanzia. Livrete ndiyo kadi ya gari: ina namba ya usajili, namba ya chesisi, rangi na ukubwa wa injini. Inatolewa na INATRO, taasisi ya serikali inayosimamia usafiri wa barabarani, nayo ina ofisi Pemba. Ya pili ni título de propriedade, hati ya umiliki, inayotoka Conservatória, yaani ofisi ya usajili. Livrete inaeleza gari; título inamtaja mwenye gari. Jina la kwenye título lazima liwe lilelile la kwenye BI, kitambulisho cha anayekuuzia. Ukiona imeandikwa "reserva", jua kuna benki au mtu mwingine ambaye bado anadai juu ya gari hilo. Usitoe hata metikali moja mpaka deni lifutwe kwa maandishi.

Je, akikwambia karatasi ziliungua? Kwetu swali hili ni zito kuliko Nampula au Maputo. Vita vilianza Mocímboa Oktoba 2017. Mji ukatekwa Agosti 2020, ukakombolewa Agosti 2021, na katikati yake, Machi 2021, Palma ikashambuliwa. Watu walikimbia na nguo walizovaa. Livrete ziliteketea majumbani, magari yakaachwa uani, mengine yakaondoka na wasio wenyewe. Kwa hiyo anayesema karatasi ziliungua huenda anasema kweli tupu. Lakini aliyeliokota gari la mwenzake naye atasema hivyohivyo. Dawa ni moja: aende INATRO akaombe segunda via, yaani nakala ya pili. Mwenye mali atakwenda. Aliyeiba hana ujasiri wa kusimama dirishani. Ukitaka kumsaidia, mpe nauli ya Pemba. Bei ya gari ibaki mfukoni mwako.

Karatasi zikiwepo, zilinganishe na chuma. Fungua boneti, tazama ule ukuta wa bati unaotenga injini na dashibodi. Kwenye Vitz, namba ya chesisi imegongwa pale. Vitz ya kwanza, iliyotengenezwa kuanzia 1999 hadi 2005, ikiwa ni ya injini ya lita moja namba yake huanza na SCP10. Iliyofuata, ya lita moja pia, huanza na KSP90. Soma herufi moja moja huku mwenzako ameshika livrete. Kisha pitisha kidole: bati lililokatwa na kuchomelewa huacha kovu, na namba zilizogongwa upya mtaani hazikai mstari mmoja.

Kuna na gari la bei ya kutupa lenye namba ya Tanzania, ile inayoanza na T. Limepita Daraja la Umoja pale Negomano au limevuka Ruvuma kwingineko, na mara nyingi limeingia kwa kibali cha muda tu. Ili liwe lako lazima lipite Alfândega, ofisi ya forodha: ulipie ushuru, ulipie ICE, ambayo ni kodi ya bidhaa maalumu, na IVA, kodi ya ongezeko la thamani, ya asilimia 16 juu yake. Kabla ya kupatana bei, peleka nakala ya kadi Alfândega wakufanyie hesabu kwa maandishi. Ukijumlisha, lile la bei ya kutupa huenda likalipita la jirani lenye namba ya Msumbiji.

Sasa twende kwenye gari lenyewe. Nenda asubuhi, na umwambie mwenyewe asiliwashe. Ukifika gusa boneti. Ikiwa ya moto, kuna kitu hakutaka ukisikie wakati wa kuwasha.

Watu huuliza kilomita. Mimi naogopa chumvi zaidi, kwa sababu kilomita hurudishwa nyuma kwenye dashibodi, kutu hairudi. Gari lililolala miaka karibu na bahari huoza kuanzia chini, wakati juu limepigwa rangi likawaka. Lala chini na tochi. Gonga vizingiti vya milango kwa mpini wa bisibisi: bati zima hulia, lililooza huitika kama boga. Chukua sumaku ndogo, ifunge kwenye kitambaa isikwaruze rangi, uipitishe kwenye bodi. Pasiposhika, chini ya rangi kuna puti.

Nilimsindikiza jirani kuangalia Starlet nyeupe, inang'aa kama sahani ya harusi. Tulipoinua zulia la nyuma na kutoa tairi la spea, chini yake kulikuwa na mchanga laini uliokauka kwa mistari, na kipande cha ganda la chaza. Mwenyewe akasema ni watoto walitoka ufukweni. Jirani yangu akavuta mkanda wa kiti mpaka mwisho: nusu ya ndani ilikuwa na alama ya tope, imenyooka kama imepigwa rula. Akaurudisha taratibu, akaaga. Tangu kimbunga Kenneth cha Aprili 2019 na mafuriko yake, magari yaliyoogelea yamo sokoni. Waya zake hufa moja moja, na hakuna fundi atakayezimaliza.

Injini ikiwa baridi, fungua kifuniko cha rejeta. Maji ya rangi ya kutu ni dalili mbaya. Mafuta yakielea ni mbaya zaidi. Fungua na kifuniko cha oili: ukikuta utando mzito kama tui la nazi, maji yameingia kwenye oili, na kazi ya kufungua silinda hedi si ya siku moja. Kisha liwashwe. Moshi wa bluu unaoendelea ni oili inayoungua. Mweupe mzito usiokoma ni maji. Mweusi ni petroli nyingi kupita kiasi. Kwa Starlet, uliza lini mkanda wa taiming ulibadilishwa, maana hutakiwa kubadilishwa kila kilomita 100,000 hivi. Vitz inatumia cheni. Honda Fit nyingi za otomatiki, na hata baadhi ya Vitz za toleo la pili, zina gia inayotaka oili yake maalumu. Kama fundi wako hujaza oili yoyote iliyo karibu, tafuta gari la gia za mkono.

Liendeshe mwenyewe. Kata kona usukani ukiwa umefika mwisho, polepole. Ukisikia ka-ka-ka, viungio vya magurudumu ya mbele vimekwisha. Kwenye tairi tafuta tarakimu nne: 2314 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2014. Tairi hilo ni zee hata kama meno yake bado.

Na niseme wazi: hili ni gari la mjini. Tumbo lake liko kama sentimita 15 tu kutoka ardhini. Kama safari zako ni Pundanhar kwenye mchanga, au vijijini mvua za Desemba hadi Aprili, utakuwa unalisukuma zaidi ya kuliendesha.

Gharama nyingine je? Katika kila metikali tano ulizo nazo, moja usiinunulie gari. Ukiwa na 200,000, tafuta gari la 160,000. 40,000 ni za tairi, oili, betri na breki za miezi ya mwanzo. Kuna pia inspecção, ukaguzi wa gari. Seguro, bima ya lazima ya kufidia utakayemgonga. Na kodi ya gari ya manispaa, ambayo wengi huiita manifesto. Kila ada iulizie dirishani na udai risiti. Anayekusubiri mlangoni akijifanya njia ya mkato, mpite.

Siku ya kulipa, mkutane kwa notário, mthibitishaji wa hati, si barazani kwa dalali. Nyote mje na BI na NUIT, ile namba ya mlipakodi. Mtasaini declaração de venda, tamko la mauzo, na saini zithibitishwe. Hapo ndipo fedha zipite, benki ikiwezekana, ili ziache alama. Dai funguo zote mbili. Usikae na karatasi za jina la mtu mwingine: nenda Conservatória na INATRO, ubadilishe jina mapema. Zikitoka, zipige picha zote kwa simu, mbele na nyuma, umtumie ndugu aliyeko Pemba au Nampula azitunze.