Pasaka ya Nyumbani Sori: Mwalimu wa Biblia Ajibu

Sori, kwenye ghuba ya Karungu, Wasabato, Wakatoliki na waumini wa Legio Maria huishi boma kwa boma. Familia ya Kikristo ikitaka kula nyumbani Pasaka ile ya kitabu cha Kutoka, ifanyeje? Mwalimu wa historia ya Biblia anajibu.

Tuile siku gani? Kanisani kwetu Pasaka ni Jumapili.

Kutoka 12 inataja jioni ya siku ya 14 ya mwezi wa kwanza, ambao baadaye uliitwa Nisani. Mwaka 2026 jioni hiyo ni Jumatano, Aprili 1, siku nne kabla ya Jumapili ya kanisa. Msizoee ukaribu huo: mwaka 2024 makanisa mengi yalisherehekea Machi 31 na Wayahudi wakaketi mezani Aprili 22, kwa kuwa kalenda yao huongeza mwezi mzima miaka fulani. Ugomvi wa tarehe ni wa zamani. Karibu na mwaka 155, askofu Polikapo wa Smirna alifika Roma kujadiliana na askofu wa huko, Aniseto. Hawakukubaliana, wakashiriki Meza pamoja, wakaagana kwa amani. Mtaguso wa Nikea mwaka 325 ndio ulioagiza wote waiadhimishe Jumapili.

Nyinyi watu wa ziwa mna bahati ambayo wengi hawaioni. Tarehe 14 ya mwezi mwandamo ni mwezi mpevu, na omena huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikijaa, mashua hulala ufukweni. Basi usiku wa Pasaka hata mvuvi wa omena yuko nyumbani na watoto wake.

Mbuzi ni ghali, na Aprili hatuna pesa. Mbuta haitoshi?

Najua. Aprili ndipo uvuvi wa omena hufungwa kwa miezi minne, na soko lote huhisi. Lakini samaki hana nafasi katika mlo huu. Mbuzi anayo: Kutoka 12:5 inaruhusu kondoo au mbuzi. Mstari wa 4 unasema nyumba ndogo ishirikiane na jirani, kwa hiyo changeni nyumba mbili tatu, mchinje mmoja. Mkishindwa kabisa, nunueni kipande. Wayahudi wengi wenyewe hawajachinja tangu hekalu la Yerusalemu livunjwe mwaka 70. Huweka mfupa tu mezani. Wasamaria wachache ndio wanaochinja hadi leo, kwenye mlima Gerizimu.

Nyama ichomwe, isichemshwe. Hilo halimsumbui Mkenya. Kazi iko kwa mchinjaji. Mifupa isivunjwe, naye amezoea kukatakata kwa panga, mifupa na yote. Mwambieni mapema atumie kisu, atenganishe kwenye viungo. Yohana 19:36 inaikumbuka amri hiyo msalabani. Yatakayosalia hadi asubuhi yachomwe, wala mbwa wasipewe.

Na mkate usiotiwa chachu na mboga chungu?

Chapati bila hamira inatosha. Marabi huhesabu dakika 18 tangu maji yaguse unga. Nyinyi msikawie tu. Ugali nao hauna hamira, ila desturi ya Wayahudi inataka ngano, shayiri na jamaa zake. Mandazi yasubiri siku saba.

Mboga chungu mnayo bora kuliko ile ya Ulaya: mgagani, hiyo dek yenu. Mama zetu huutoa uchungu wake kwa kuulaza katika maziwa. Usiku huo acheni maziwa. Mtoto akikunja uso na kuuliza kwa nini leo mboga ni chungu hivi, Pasaka imeanza, maana Kutoka 12:26 inangojea swali la mtoto. (Sukuma wiki haimkunji mtu uso.)

Tupake damu mlangoni?

Hapana. Ilipakwa usiku wa Misri. Vizazi vilivyofuata viliipeleka madhabahuni. Tena kijijini damu mlangoni itasomwa kuwa uganga, na kesho mtakuwa kwa chifu mkijieleza.

Mume wangu hakutahiriwa. Kutoka 12:48 inamzuia?

Hapa ndipo penye uzito. Kimila, Mjaluo aling'olewa meno sita ya chini, hakutahiriwa. Kanisa la Nomiya la Johana Owalo lilichagua kutahiri, na tangu 2008 vijana wengi wa Nyanza wametahiriwa kliniki kwa ajili ya kujikinga na VVU. Lakini mstari huo ukichukuliwa kama sheria, utawaondoa mezani watu wengi wa Mungu. Mitume katika Matendo 15 walikataa kuwabebesha watu wa mataifa mzigo huo, na Paulo akarudia katika Wagalatia 5. Mumeo na aketi, tena kwenye kiti cha baba. Ndiyo maana nasema Pasaka ya nyumbani iwe kumbukumbu na mafundisho. Atakayeifanya sharti la wokovu itambidi ajibu mstari wa 48. Wasabato, ambao imani yao ililetwa Gendia na wamisionari Carscallen na Peter Nyambo mwaka 1906, hawaiagizi. Wana Meza ya Bwana kila robo mwaka, pamoja na kutawadhana miguu.

Tutawadhane nyumbani pia? Na vijana walale kwetu, kwa kuwa “asitoke mtu”?

Tawadhaneni, kwa adabu ya boma: mume na mke, ndugu kwa ndugu. Mkwe asimguse mkwe. Vijana waende kwenye simba zao, yaani vibanda vyao vya kulala, bila hofu. Amri ya kutotoka ilikuwa ya usiku ule mmoja. Yesu mwenyewe alikula, wakaimba, akatoka kwenda Mlima wa Mizeituni.

Tufuate kitabu cha Wayahudi cha ibada ya usiku wa Pasaka, na vikombe vyake vinne vya divai?

Mpangilio huo uliiva baada ya hekalu kuanguka, na ni ibada ya watu wengine walio hai, wakiwemo Abayudaya wa Mbale, Uganda. Mkialikwa, nendeni mkajifunze. Kuuigiza kwenu sikuoni kuwa heshima. Kikombe kimoja kinatosha, na divai ikiwa tatizo, zabibu kavu zilizochemshwa na kuchujwa zinafaa. Badala ya kitabu hicho, someni Kutoka 12 hadi 14 kwa zamu, mkianza na mtoto mdogo anayejua kusoma.