MBAO ILIYOBUNGULIWA: DAWA KWANZA, GUNDI BAADAYE

Wahenga walinena kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Ni kweli kabisa. Lakini katika useremala kuna ufa ambao ukiuziba haraka, umemfungia mwizi ndani ya nyumba. Ufa huo ni tundu la bungua.

Hapa kwetu Migori na kwa jirani zetu wa Homa Bay, mvule umekuwa adimu na ghali. Kwa hiyo mafundi wa jua kali, kuanzia Rongo na Awendo hadi Oyugis na Kendu Bay, hutumia pia miti ya mashambani kama mwembe, mgrevilea na mkaratusi. Mwembe hutoa ubao mpana wa meza wenye michirizi ya kupendeza. Basi bungua nao wanaupenda!

Tusiwachanganye wadudu hawa na mchwa. Mchwa hutoka udongoni na huacha vijia vya udongo. Bungua ni mbawakawa mdogo. Jike hutaga mayai katika vinyweleo vya mbao isiyopakwa kitu. Mabuu hukaa ndani miezi kadhaa, hata mwaka au zaidi, wakila wanga ulio katika sehemu nyeupe karibu na gome. Kitundu unachokiona, cha milimita 1 au 2, si mlango wa kuingilia bali wa kutokea. Ukikiona, mmoja ameshaondoka, lakini ndugu zake huenda wangali mezani.

Baba yangu mdogo ni seremala, nami humsaidia nikitoka shuleni. Mama mmoja mjane alimletea ubao wa mwembe uliopandwa na marehemu mumewe, akitaka meza. Ukingo wake mmoja ulikuwa umejaa matundu. Ubao wa aina hiyo huwezi kwenda kununua mwingine. Hizi ndizo hatua tulizofuata.

Kwanza, kupima. Tulifagia unga wote, tukazungushia kila tundu alama ya penseli, tukaulaza ubao juu ya karatasi nyeusi bila kuutikisa. Baada ya wiki tatu palikuwa na unga mpya na matundu yasiyo na alama. Wadudu walikuwa hai.

Pili, kuua. Kanuni ya kimataifa ya mbao za kufungia mizigo, iliyopitishwa mwaka 2002, hudai joto la nyuzi 56 lifike hadi katikati ya mbao kwa dakika 30. Jua letu ni kali, lakini usilitegemee kwa ubao mnene. Sisi tulipaka boraksi iliyoyeyushwa katika maji moto, pande zote, mara kadhaa, tukiwa tumevaa glavu. Ubao lazima uwe mtupu, kwani vanishi huzuia dawa. Mafuta ya taa hushika moto, na oili chafu hukataa vanishi isishike.

Tatu, kukata na kuziba. Dawa haizami mbali, kwa hiyo ukingo uliolegea tuliuchonga kwa patasi mpaka tukafikia mti mgumu, mabaki tukayachoma. Pengo kubwa hupigwa kiraka cha mti uleule, nyuzi zielekee upande mmoja. Vitundu vidogo huzibwa kwa gundi iliyochanganywa na unga wa msasa wa ubao huohuo. Tahadhari: gundi nyeupe hainywi rangi, hivyo ukipaka rangi ya mbao madoa yataonekana. Jaribu kwanza kwenye kipande.

Nne, kumalizia. Ubao ukishakauka, piga msasa namba 80, kisha 120, kisha 220. Paka vanishi juu, chini na kwenye ncha. Vanishi haiui buu aliye ndani, ila humnyima jike mahali pa kutagia.

Meza ya yule mama ilipungua upana kama vidole vinne. Ilichelewa pia, na baba mdogo alilaumiwa. Lakini mti wa mumewe uko sebuleni, na unga haujaonekana tena chini yake.

Mwenzangu, ukienda kuchukua meza kwa fundi, ipindue kwanza. Ukiona chini hapajapakwa kitu na pana unga, uliza kabla hujalipa.