Si kila anayekonda amepungukiwa na kinga

Mwanamke wa miaka 28 anakonda. Nywele zinang'oka akichana, viungo vinamuuma kila asubuhi, homa haimtoki ingawa amepimwa malaria mara tatu. Majirani wamekwisha kata shauri: ni Ukimwi. Je, msomaji, wewe ungesemaje?

Chukua kinga ya mwili kuwa ni askari wanaolinda nyumba. Askari hao wanaweza kupungua. Ndivyo Ukimwi ufanyavyo, kwa kuua chembe nyeupe za damu. Utapiamlo na dawa za saratani pia huwadhoofisha. Hapo maradhi huja yakirudi: kifua kikuu, utando mweupe kinywani, mkanda wa jeshi.

Lakini askari wanaweza pia kumgeukia mwenye nyumba. Huenda yule mwanamke ana lupasi, ugonjwa ambao kinga hushambulia ngozi, viungo na hata mafigo. Kati ya wagonjwa 10, karibu 9 ni wanawake. Wengi hutokwa na upele mashavuni na juu ya pua, unaozidi wakikaa juani. Tena lupasi inaweza kufanya kipimo cha kwanza cha kaswende kionyeshe kwamba mtu anayo, kumbe hana! Bwana, kabla ya kumrudisha mke kwao, ngojeni kipimo cha pili cha aina nyingine.

Kisha kuna askari wanaopiga mayowe pasipo mwizi: kwa vumbi, njugu, nyuki au penisilini. Huo ni mzio. Mara nyingi ni chafya na mwasho tu, ila midomo ikivimba na pumzi zikibana, mgonjwa akimbizwe hospitali adungwe adrenalini.

Tofauti hizi si za vitabuni tu. Prednisoloni hutuliza kinga iliyozidi ukali, na wengine huinunua dukani kwa ajili ya mwasho au ili wanenepe. Kwa mtu ambaye kinga yake imelegea, inaweza kuamsha kifua kikuu kilicholala. Naye aliyeandikiwa na daktari akaimeza kwa wiki nyingi asiiache ghafula.

Kwa hiyo mwanamke wetu apimwe virusi vya Ukimwi kwanza. Asipokuwa navyo, asirudi nyumbani na dawa za maumivu pekee. Amweleze daktari habari za nywele, viungo na jua, na aombe mkojo upimwe, maana lupasi huharibu figo bila maumivu.