Kufundisha Habari za Simujanja: Ufunguo u Mikononi mwa Nani?

Mwalimu mwanafunzi anapofikia mada ya vyombo vya mawasiliano, mara nyingi huchora simu ubaoni, akaandika faida zake upande mmoja na hasara zake upande wa pili. Watoto hunakili, kengele hulia, na kipindi kimekwisha bila ya jambo lenyewe kuguswa. Mtoto wa leo, awe wa mjini au wa kijijini, amekwisha kuiona simu ya mzazi ikipokea fedha na kuonyesha picha. Orodha ile haimwongezei kitu. Asilolijua, na ambalo watu wazima wengi hawalijui vilevile, ni kwamba simu ile, ijapokuwa imenunuliwa kwa fedha halali, ina milango ambayo mwenyewe hana ufunguo wake. Makala haya yanakusudia kumwonyesha mwalimu njia ya kulifundisha jambo hilo katika madarasa ya juu ya shule ya msingi, kwa kipindi kimoja cha dakika 40, pasipo kuleta simu hata moja darasani.

Ujuzi wa mwalimu kwanza

Simujanja ni kompyuta ndogo. Ndani yake mna mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoziongoza programu nyingine zote, na mwenye kuusimamia mfumo huo ndiye mwenye kuamua ni nani aruhusiwe kuingia. Mifumo iliyoenea zaidi duniani ni miwili: iOS ya kampuni ya Apple, iliyo katika simu za iPhone, na Android inayosimamiwa na Google, ambayo ndiyo iliyo katika simujanja nyingi za Afrika Mashariki.

iPhone ilipoanza kuuzwa Juni 2007, mtu wa nje hakuruhusiwa kuiandikia programu ya kukaa ndani ya simu. Mkuu wa kampuni, Steve Jobs, aliwaelekeza watengenezaji wa programu watumie kurasa za intaneti. Wao hawakuridhika, na Julai 2008 Apple ikafungua duka la programu, lililoanza na programu 500 hivi. Lakini mlango ulikuwa mmoja, na bawabu wake Apple yenyewe: kila programu ilikaguliwa, na katika kila programu iliyouzwa kampuni ilijikatia asilimia 30. Tangu 2021 watengenezaji wadogo wamepunguziwa hadi asilimia 15.

Android ilifuata njia nyingine. Ilitangazwa Novemba 2007, na simu yake ya kwanza ikauzwa Oktoba 2008. Imejengwa juu ya Linux, na chanzo chake, yaani yale maandishi ya wataalamu yanayoielekeza programu la kufanya, kimewekwa wazi ili mwenye kutaka akisome, akibadili na kukitumia. Hii ni sababu moja iliyoviwezesha viwanda vingi kutengeneza simu za bei nafuu. Aidha, mwenye simu ya Android ameweza kuingiza programu kutoka nje ya duka la Google, baada ya simu kumwonya naye kukubali.

Hapo ndipo mwalimu aliyesoma kwa haraka huhitimisha kwamba Android iko wazi na iPhone imefungwa, akaenda kufundisha hivyo. Uwazi una tabaka. Mei 2019 serikali ya Marekani iliiweka Huawei ya China katika orodha ya makampuni ambayo hayauziwi teknolojia ya Marekani bila kibali. Huawei iliweza kuendelea kukitumia chanzo cha Android, maana kilikuwa wazi kwa wote. Lakini simu zake mpya zilikosa duka la Google, ramani zake na huduma zake nyingine, na wanunuzi wengi wa nje ya China wakazikimbia. Kumbe kilichokuwa wazi ni msingi wa nyumba, si nyumba nzima.

Hata hivyo msingi ulio wazi si kitu kidogo. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wakishirikiana na wenzao wa Sweden, walitoa Jambo OpenOffice, programu za kompyuta za kazi za ofisi zenye maelekezo ya Kiswahili. Waliweza kwa sababu chanzo cha programu ya asili kilikuwa wazi na leseni yake iliruhusu kuibadili. Hawakulazimika kungoja kiwanda cha ng'ambo kione kwamba Kiswahili kina faida.

Ugomvi wa mabawabu na wachuuzi umefika mbali. Agosti 2020 kampuni ya Epic Games iliweka katika mchezo wake, Fortnite, njia ya kulipa isiyopitia kwa Apple wala kwa Google. Mchezo ukaondolewa katika maduka yote mawili siku ileile, na kesi zikaanza. Sheria ya Umoja wa Ulaya ikailazimisha Apple, kuanzia Machi 2024, kukubali maduka mengine katika iPhone za nchi za umoja huo. Android nayo ilikuwa ikielekea kukaza: Agosti 2025 Google ilitangaza mpango wa kuwataka watengenezaji wajitambulishe kwake, hata wale wa nje ya duka lake. Sababu iliyotolewa ni kuwazuia matapeli, na sababu hiyo si ya kupuuzwa katika nchi ambamo simu ndiyo benki ya mkulima na ya mama lishe. Programu ya uwongo iliyopokelewa kwa ujumbe yaweza kuiba akiba ya mwaka mzima. Lakini bawabu naye si malaika. Ilikuwa Januari 2023 ndipo Google ilipowataka wakopeshaji wa Kenya waonyeshe leseni ya Benki Kuu ya nchi hiyo ili programu zao zikubaliwe dukani. Kabla ya hapo mkopeshaji asiye na leseni aliweza kupita katika mlango ule ule uliosifiwa kwa usalama.

Somo lenyewe: kasha, kufuli na maharage

Zana zinazohitajika ni kasha lenye kufuli na funguo mbili, pamoja na kopo la maharage. Wachague watoto wanne: mwenye kasha, fundi aliyelitengeneza, mchuuzi, na mwizi. Mwizi asitambulishwe kwa darasa. Mnong'oneze kazi yake nje ya mlango.

Katika mchezo wa kwanza funguo zote mbili anazo fundi. Mchuuzi ataka kumwuzia mwenye kasha kalamu kwa maharage 10, nayo lazima iwekwe na fundi. Fundi aikague, afungue, aiweke, kisha atwae maharage 3 katika 10. Waulize watoto kama ni haki. Wengi watapiga kelele kwamba fundi ni mnyonyaji. Usiwaunge mkono wala usiwapinge. Nenda mchezo wa pili, ambamo kufuli imeondolewa kabisa. Mchuuzi sasa anapata maharage yake yote 10, darasa linafurahi, na nyuma yake anakuja mwizi akijiita mchuuzi wa pili, anaweka karatasi tupu na kuondoka na kopo. Kimya kitakachofuata ni cha thamani. Usikivunje kwa maelezo.

Mchezo wa tatu ndio kiini cha somo. Kufuli inarudi, fundi anabaki na ufunguo mmoja, na mwenye kasha anapewa wa pili. Kisha mwizi anamwendea kwa maneno matamu, akimwomba afungue mwenyewe. Baadhi ya watoto walioshika nafasi ya mwenye kasha watafungua, na baadhi watakataa. Hapo uliza: kwa kuwa mtu aweza kudanganywa, je, ni halali kumnyang'anya ufunguo wa kasha lake? Tenga dakika 10 nzima kwa swali hili.

Mwandishi wa makala haya anaona kwamba ufunguo wa pili ni haki ya mwenye mali, ila uwe mgumu kidogo kuuzungusha, ili mtu asifungue kwa kubahatisha au kwa kuharakishwa na tapeli. Si lazima darasa lifike hapo. Mwalimu anayejua jibu lake kabla ya kuingia darasani awe mwangalifu zaidi kusikiliza.

Huenda mtoto akataja simu ya mkopo. Zipo simu zinazouzwa kwa malipo ya kidogo kidogo, nazo muuzaji huzifunga kutoka mbali malipo yakichelewa. Mtoto atasema, "Mwalimu, simu ya baba ilifungwa, tukashindwa kumpigia bibi." Huu ni mfano bora kuliko wote wa kitabuni, lakini ni wa aibu kwa mtoto. Uondoe kwake mara moja, uuweke juu ya lile kasha: maharage yamelipwa nusu, je, fundi ana haki ya kulifunga? Na akilipwa maharage ya mwisho, ufunguo aliobaki nao aufanyeje? Darasa likigawanyika, waandike hoja zao ubaoni kwa maneno yao wenyewe.

Kazi ya nyumbani

Wape watoto swali moja la kumwuliza mtu mzima mwenye simujanja: katika simu hii, ni programu zipi zilikuwamo tangu iliponunuliwa, na zipi kati ya hizo hukubaliwi kuzifuta? Mtu mzima ndiye aishike simu na kutazama. Mtoto aandike majina tu. Waonye wasiulize wala kuandika namba ya siri ya mtu yeyote. Siku ya pili jumlisha majibu ubaoni kwa aina ya simu, kisha waulize ni nani, kwa maoni yao, aliyeziweka programu hizo, na alitaka nini.